Kitabu Tulichokifungua Upande Usio Wake

Jumatano, tarehe ishirini na moja mwezi wa kwanza mwaka huu, alifariki Bi Savita, mwenye duka la vitabu na vifaa vya shule nililofanyia kazi hapa Malindi tangu usichana wangu. Nilipoteza rafiki. Nilipoteza pia mtu pekee niliyekuwa nikicheza naye Go, mchezo wa kete za ubaoni. Wanaume walimpeleka kuchomwa kwa desturi yao ya Kihindu, nasi wanawake tukabaki nyumbani, tumekaa chini juu ya shuka nyeupe. Baadaye mwanawe, Nilesh, aliniletea ubao, vibweta viwili vya kete na sanduku la vitabu.

"Mama alisema ni vyako," aliniambia.

Nilimkaribisha chai. Akasema ana haraka, akaondoka. Sanduku likakaa mlangoni pale pale alipoliweka, nikawa nalizunguka nikipita.

Nawaandikia ninyi vijana mnaojifunza mchezo huu siku hizi kwa simu. Karisa, ambaye mtamjua huko mbele, ameniambia mko wengi kuliko ninavyodhani, na kwamba swali lenu ni moja: mtu akishajua kanuni, asome kitabu gani? Mimi si bingwa. Nilisoma mpaka darasa la saba, na chuoni nikahitimu Kurani, basi. Kazi yangu ilikuwa kujalidi vitabu, kuvishona na kuvivika majalada. Ya ubingwa waulizeni mabingwa. Mimi nitawaambia ya vitabu.

Pwani hii kitabu hakizeeki, kinaoza. Pini za chuma zinaota kutu mwaka wa kwanza tu, kutu inakula karatasi, na kurasa za katikati zinadondoka kama meno ya mtoto. Kwa hiyo kitabu kipya kikifika dukani tulikuwa tunang'oa pini kabla ya kukiuza na kukishona kwa uzi. Gundi tulipika wenyewe, unga wa ngano na maji. Nilipoanza kazi niliipika vizuri, laini, haina hata donge. Nikajalidi vitabu vya hesabu vya shule nzima, nikavipanga rafuni, nikaenda nyumbani nimeridhika na nafsi yangu. Wiki mbili baadaye migongo yote ilikuwa imetafunwa.

Bi Savita alikishika kimoja, akakigeuza, akanitazama. "Zuhura we, hii si gundi. Umewapikia mende uji."

Ndipo aliponifundisha kutia mrututu, lile jiwe la buluu linalouzwa madukani. Kidogo tu, ncha ya kijiko. Mende akinusa anakwenda kula kwa jirani. Yeye alizaliwa Malindi hii hii, Kiswahili chake kilikuwa chetu, na maneno yake makali alikuwa akiyasema kwa sauti ya chini, bangili zake zikilia, ili mteja asisikie.

Jambo jingine alilonifundisha ndilo nitakalowashikisha leo. Kitabu kilichotumika usikifungue kwanza. Kibane, kitazame kwa ubavu, kwenye kingo za kurasa. Vidole vya watu vina mafuta na vumbi, na vumbi linaacha weusi. Utaona weusi unaanzia jaladani, unaendelea, halafu ghafla karatasi inakuwa nyeupe. Pale weusi unapoishia ndipo msomaji alipokata tamaa. Nimejalidi vitabu vingi vya watu walioniapia kwamba wamevisoma mpaka mwisho. Sikuwabishia. Nilivishona tu.

Basi mchezo ulitufikaje? Aliuleta mwalimu wa hesabu, Mjapani, aliyekuja kujitolea kwenye shule moja huku kwetu. Alikuwa akija kununua chaki na karatasi, anakaa kwenye stuli mbele ya kaunta, mpole, jasho linamtiririka. Jumamosi moja akaja na ubao. Akatueleza kwa Kiswahili chake cha kujikaza: mistari inakatana, mmoja ana kete nyeusi, mwenzake nyeupe, mnaweka moja moja penye makutano, kila mtu anazingira eneo lake. Kete ina pumzi upande ulio wazi. Ikizibwa kote imekosa pumzi, inatekwa. Kanuni hizo mnazijua. Tulizijua kabla chai yake haijapoa. Baada ya hapo ndipo mtu anapopotea, nasi tulipotea vizuri sana.

Watu waliokuwa wakipita walianza kusimama. Wazoefu wa bao waliona kete wakadhani wamefika kwao. Tukawa kikundi kizima cha Jumamosi jioni, duka likishafungwa: mfamasia jirani yetu, mshona nguo, karani mmoja, na wengine wawili watatu. Kelele, utani, mtu anamwelekeza mwenzake pa kuweka, mwenzake anamwambia, "Kwani nimekuajiri?" Yule mwalimu alikuwa akicheka mpaka anafuta miwani.

Muda wake ulipokwisha, alirudi kwao. Akatuachia ubao, kete na vitabu vichache vya Kijapani. Alisema kimoja ni cha mafumbo, na kwamba hakihitaji kujua lugha. Ni picha tupu: kete zimepangwa pembeni mwa ubao, unaulizwa nyeusi aweke wapi. Ukigeuza ukurasa, unaona jibu. Alisema, "Anzeni na hiki. Hiki ni rahisi."

Tatizo ni kwamba hatukuanza nacho papo hapo. Kilikaa stoo msimu mzima wa mvua, na mchwa wakakifikia kabla yetu. Jalada lilikuwa limeliwa, ukurasa wa upande mmoja umekwenda nalo, na ukingo wa chini wenye nambari za kurasa umekuwa kama kamba. Mimi ni fundi. Nikafanya lililo sahihi kwa fundi: nikazikata kingo zilizoliwa, nikashona, nikakivika jalada jipya la kitambaa cha kijani. Nikamuuliza Bi Savita kibandiko cha jina nikiweke wapi.

"Mbele, mwenzangu. Kwani vitabu vina kibandiko mgongoni?"

Akaandika kwa mkono wake, MAFUMBO, herufi kubwa za duka. Nikakibandika kwenye jalada linalofunguka kama kitabu chochote cha shule, kuelekea kushoto.

Jumamosi iliyofuata tukakifungua. Fumbo la kwanza lilikuwa limejaa kete kama soko la samaki. Tukalitazama. Mfamasia, ambaye ndiye aliyekuwa na kisomo kikubwa kati yetu, akaliweka ubaoni, akajaribu hapa, akajaribu pale. Nyeusi inakufa. Tukageuza kutafuta jibu, hakuna, tukaona fumbo jingine baya kama la kwanza.

"Alisema hiki ni rahisi," karani akasema.

"Rahisi kwao," mshona nguo akamjibu. "Hawa watu wanazaliwa wanajua."

Tuliendelea wiki baada ya wiki. Karani aliacha kuja, tukaambiwa ana harusi. Kisha mshona nguo. Mfamasia alidumu zaidi, akaagiza kitabu kingine cha Kiingereza, cha jinsi ya kuanza mchezo pembeni, akakikariri. Alikariri kama mtoto wa chuo anayesoma sura bila kujua maana: mwache aanze mwanzo atakwenda mpaka mwisho, mkate katikati amepotea, lazima arudi mwanzo. Nilikuwa nikiweka kete mahali kitabu chake hakikupasema, si kwa werevu, kwa kutojua tu, naye anakasirika. "Hapo hapawekwi!" ananiambia. "Na mimi nimeshaweka," namjibu. Siku moja alifunika kibweta cha kete, akasema mchezo huu si wa watu kama sisi. Hakurudi tena. Alikuwa mtu mzuri, na tuliendelea kununua dawa kwake, lakini hatukuuzungumzia mchezo.

Tukabaki wawili. Bi Savita alikuwa mbishi. Lile fumbo la kwanza alikuwa akilipanga kila jioni baada ya kufunga hesabu, anaweka nyeusi mahali fulani, mimi naweka nyeupe, anakufa. "Tena," anasema. Anakufa tena.

Siku niliyogundua, nilikuwa na rundo la juzuu za madrasa moja ya Ngomeni, zimeletwa kushonwa kabla ya Ramadhani. Juzuu, kama mjuavyo, inafunguliwa kuelekea kulia. Kutwa nzima mkono wangu ulikuwa ukifungua hivyo. Kile kitabu cha kijani kilikuwa mezani, nikakisogeza kikae mbali na gundi, na mkono kwa mazoea ukakifungua vile vile, kutoka upande wa nyuma.

Kulikuwa na kete moja nyeupe. Nyeusi tatu zimeizunguka. Pumzi imebaki moja. Nyeusi aweke wapi?

Nikageuza ukurasa. Jibu lile pale.

"Bi Savita," nikamwita. "Njoo uone somo la kwanza."

Akaja na miwani yake juu ya kichwa. Akatazama. Akageuza ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, kila fumbo limeongezeka ugumu kidogo tu, kama ngazi. Kumbe kitabu cha Kijapani nacho kilikuwa kinaanzia kulia. Kisha akakaa kwenye stuli ya yule mwalimu, akaanza kucheka bila sauti, bangili zikilia, mpaka machozi yakamtoka.

"Tumeanzia darini, Zuhura. Tukashangaa hatuoni mlango."

Nikataka kukihamisha kibandiko siku ile ile. Akanikataza. "Kiache hapo hapo. Kitufundishe adabu." Lakini alipomaliza kucheka akasema, "Na wale wenzetu je?" Kesho yake alikwenda kwa mfamasia kumweleza. Mfamasia alicheka kwa heshima, akampa dawa ya kikohozi aliyoagiza, akasema siku hizi hana nafasi.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike. Hawakukosa akili. Walipewa kitabu kwa upande usio wake, wakadhani kasoro ni yao. Ukurasa wa kwanza wa kitabu chako cha kwanza lazima ukufanye useme, "Ah, hili nalijua." Na wa pili pia. Fungua katikati ya kitabu: ikiwa mafumbo mengi ya hapo unayaona majibu yake kabla ya kahawa kukwisha kikombeni, na machache yanakusumbua, hicho ni chako. Ikiwa yote yanakusumbua, kifunge bila aibu, utakirudia. Ikiwa hakuna linalokusumbua, mpe mdogo wako.

Kata kipande cha kadibodi, ufunike jibu. Mkono nao uukalie. Wacheza bao wetu wanahesabu kwa macho mpaka kete ya mwisho inapoangukia, ndipo wanapogusa. Fanyeni hivyo. Ukianza kuweka kete ubaoni kubahatisha, umejifunza kubahatisha. Tena rudieni kitabu kile kile. Watu wanataka kitabu kipya kila wiki, kama nguo za sikukuu. Sisi kile cha kijani tulikirudia mpaka uzi ukalegea, nikakishona, ukalegea tena.

Nilesh alimletea mama yake kitabu kinene kutoka ng'ambo, chenye michezo ya mabingwa, jalada gumu, karatasi ya kung'aa. Tulikiheshimu sana. Tulikuwa tukiweka kete moja baada ya nyingine kama ilivyoandikwa, mpaka mwisho, kisha tunatazamana. "Nani ameshinda?" namuuliza. "Kitabu kinasema nyeupe." "Kwa nini?" "Kitabu hakisemi." Lakini kwa uzito wake hakikuwa na mfano. Ukishapaka jalada gundi, ukaweka kile juu usiku kucha, asubuhi limenyooka kama limepigwa pasi. Miaka mingi baadaye nilianza kuelewa kidogo kwa nini nyeupe alishinda. Kina wakati wake. Kisiwe cha kwanza.

Macho yangu yalipoanza kushindwa na sindano, niliacha kazi. Sikuacha kwenda dukani. Kila alasiri nilikaa upande wangu wa ubao na Bi Savita upande wake, hadi wiki alipolazwa. Na mara kwa mara, tukimaliza mchezo mapema, alipanga lile fumbo la mwisho, lile tulilodhani la kwanza. Jibu lake lilikuwa kwenye ukurasa ulioliwa na mchwa. "Siku moja nitaliona," alikuwa akisema. Hakuliona.

Sasa Karisa. Ni kijana wa Tezo, anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na lilipokuwa duka letu. Go alijifunza kwenye simu, peke yake, na siku moja mwaka jana alituona tukicheza, akasimama mlangoni mdomo wazi kama ameona jini. Tangu hapo alikuwa akija kutazama. Baada ya msiba alikuja nyumbani kunipa pole, akaliona sanduku mlangoni, akanibebea ndani.

Wiki chache baadaye akaja tena, uso umekunjamana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Una nini? Umeangusha simu ya mtu kisimani?"

"Bibi, mimi naona niache tu. Nimepakua kitabu kikubwa, cha bingwa, watu wote mtandaoni wanakisifu. Kila siku nakisoma, na kila siku simu inanichapa. Nafikiri huu mchezo una wenyewe."

Sitawaficha. Nilisikia maneno ya mfamasia mle mle, na moyo wangu ukashtuka kwa ajili yangu mwenyewe kwanza. Akiacha huyu, ule ubao utabaki umefungwa. Sina mwingine wa kucheza naye.

"Ulipojifunza ufundi," nikamuuliza, "siku ya kwanza mwalimu wako alikupa simu gani uifungue?"

Akacheka kidogo. "Hakunipa simu, bibi. Alinipa mswaki. Nisafishe matundu ya chaji, mwezi mzima."

"Hicho kitabu chako kimekupa mswaki?"

"Hapana, bibi."

"Njoo Jumamosi," nikamwambia. "Usiache kabla ya Jumamosi."

Alipotoka nikalifungua sanduku. Kile cha kijani kilikuwa juu kabisa. Uzi wake ulikuwa umelegea tena, na ubavu wake ulikuwa mweusi kutoka jalada hadi jalada, weusi wa vidole vyetu sisi wawili. Nikavaa miwani, nikatunga uzi kwa shida, nikakishona upya. Kitabu kikishonwa upya kurasa hazikai sawa, lazima zipitishwe kisu. Nilikaa na kisu mkononi muda mrefu. Kisha nikakata. Vile vipande vyembamba vyenye weusi vikaanguka sakafuni, nikavifagia. Kibandiko chake nikakilainisha kwa mvuke wa birika, kikabanduka kizima, nikakibandika upande wa kulia, kitabu kinakoanzia.

Karisa alikichukua Jumamosi. Nikamwonyesha kinavyofunguka. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile iliyofuata. Nilipopita penye kibanda chake nilikuta kimefungwa, na jirani yake akaniambia amekwenda kwao Tezo, hajui anarudi lini. Nilirudi nyumbani. Ubao ulikuwa mezani nimeshaupangusa, nikaufunika kwa kanga.

Jumamosi iliyopita, baada ya alasiri, nikasikia hodi.

"Bibi, nisamehe. Mama alikuwa mgonjwa, nikabaki kumshughulikia. Amepona. Kitabu chako nimekileta."

Nikakipokea. Nikakibana, nikakitazama kwa ubavu. Kingo nilizoziacha nyeupe zilikuwa na weusi wa fundi simu, kutoka kulia, katikati, mpaka jalada la kushoto.

"Yote nimeyapata," akasema, "mengine kwa kurudia rudia. Ila hilo la mwisho kabisa. Halina jibu, bibi. Jibu liko wapi?"

"Lililiwa."

"Na wewe hulijui?"

"Silijui. Na mwenzangu hakulijua."

Akaitoa kanga juu ya ubao. Akapanga lile fumbo bila kutazama kitabu, kete kwa kete. Alikuwa ameketi upande wa Bi Savita, kwa sababu ndio upande wenye kiti. Akaweka nyeusi pale pale alipokuwa akiweka marehemu, nami nikaweka nyeupe pale pale nilipokuwa nikiweka. Nyeusi ikafa.

Akazitazama zilizokufa. Nikangoja.

"Turudie, bibi," akasema, akaziokota.

Akazipanga upya. Akaukalia mkono wake, kama nilivyomwambia, akatazama ubao kwa muda mrefu. Kisha akautoa mkono, akaweka nyeusi mahali ambapo Bi Savita hakuwahi kuweka.

Nikatafuta miwani yangu.